Kurasa Sita za Mwisho

Nikianza na yule fundi cherehani nitatukana, na nimejiahidi nisitukane, kwa hiyo naanza na dada yangu.

Dada yangu ni karani wa mapokezi kwenye zahanati. Anakaa nyuma ya dirisha lenye nondo, anaandika majina ya wagonjwa kwenye daftari kubwa na kuwaambia waende chumba gani. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Wakubwa wake wamebadilika mara sita, na kila anayekuja anabandika ukutani matangazo mapya yasiyosomeka. Siyo kwamba watu hawajui kusoma. Wanajua, tena vizuri. Ila tangazo linasema "wahusika wote wanatakiwa kuzingatia utaratibu uliowekwa kwa mujibu wa mwongozo husika." Sasa hapo mama mwenye mtoto anayetapika aelewe nini? Yaani mtu mzima na akili zake anakaa ofisini, anaandika upuuzi kama ule, anagonga muhuri, halafu anakwenda nyumbani kula. Nikilifikiria tu damu inanichemka, na mimi hata sifanyi kazi pale.

Dada yangu hakuchemka. Yeye hachemki, na hilo nalo limenikera tangu utotoni. Alichukua karatasi akaandika kwa mkono wake: "Chanjo ya watoto sasa ni Alhamisi, siyo Jumatano. Njooni kabla ya saa nne. Leteni kadi. Ukiwa umepoteza kadi, njoo hivyo hivyo, hatutakufukuza." Akaniletea nimtolee kopi ishirini.

Mimi nina duka la kopi. Chumba cha mbele kina mashine mbili, moja nzima na moja ya kubembeleza, na chumba cha nyuma tunaishi mimi na dada. Nilimtolea zile ishirini, zikaisha siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata akaongeza habari ya bomba lililopasuka na siku ambazo maji hayatatoka. Baadaye akaongeza barabara inayofungwa, shule inayopokea fomu, dirisha la vitambulisho lililohamia ghorofa ya pili. Yote yanapita mbele ya dirisha lake, maana mtu anayesubiri daktari anasema kila kitu. Ikawa kila Ijumaa tunatoa kopi mia moja na hamsini, upande mmoja, na upande wa nyuma mweupe.

Upande ule mweupe ndio ulionishinda. Mimi karatasi isiyoandikwa nyuma naiona kama sufuria ya chakula iliyomwagwa. Nikamwambia dada, kama utatumia karatasi zangu basi uzitumie zote, jaza na huko nyuma. Akaniuliza ajaze nini. Nikamjibu kwa ukali kwamba ajaze hivyo vitabu vyake vinavyoniangukia kichwani kila nikipita ukumbini.

Nilisema kwa kumkomoa. Yeye alichukua kama ushauri. Ijumaa iliyofuata nyuma ya karatasi kulikuwa na kichwa cha habari, "Kitabu cha Wiki," na chini yake maneno haya: "Kitabu hiki kina mjomba mmoja mpumbavu sana. Usikisome kitandani, utamwamsha mwenzako kwa kucheka. Kurasa arobaini za kwanza zinachosha kidogo, vumilia, mwandishi alikuwa bado anatafuta pa kukaa. Kuna mtu mmoja anakufa katikati, lakini alikuwa mbaya. Nimekisoma mpaka mwisho. Anayekitaka aje achukue."

Watu walikuja. Mimi nilidhani atakuja mmoja wa kumtania, wakaja saba kwa kitabu kimoja. Alikuja mlinzi wa benki, akaja muuza dawa wa jirani, akaja bibi mmoja asiyeona vizuri aliyesema mjukuu wake atamsomea. Dada akatengeneza foleni kwenye daftari. Kila wiki kitabu kimoja, na kila wiki mstari ule ule wa mwisho, nimekisoma mpaka mwisho, mpaka watu wakaacha kumwita kwa jina lake. Wakamwita Mpaka Mwisho. Anapita sokoni mtu anamwita, Mpaka Mwisho, wiki hii una nini? Naye anasimama katikati ya njia na kikapu chake kueleza, na mimi nasubiri kitunguu nyumbani.

Hakuwahi kuandika ule mstari kwa uongo. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema mengi. Nimemwona akimaliza vitabu vibaya huku anasonya, nikamwambia acha basi, akasema atawaambiaje watu ni kibaya kama hajafika mwisho, labda kinatengemaa. Hakikutengemaa. Alimaliza hivyo hivyo.

Sasa fundi cherehani.

Duka lake ni la nne kutoka kwetu. Anashona sare za shule na magauni ya harusi, na zamani alikuwa msomaji namba moja wa dada. Alikuwa anasoma huku mguu uko kwenye cherehani, kitabu amekiegemeza kwenye kopo la vifungo. Halafu mwaka juzi binti yake akafa. Wa miaka tisa, homa, siku tatu. Fundi akarudisha kitabu alichokuwa nacho kikiwa kimesomwa nusu, na hakuazima kingine.

Zikapita kama mwaka na nusu. Siku moja akaja dukani kutoa kopi ya vipimo, akamkuta dada amekaa kwenye kiti cha wateja. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kurudi kusoma, maana jioni ni ndefu na mawazo hayamwachi. Akasema, "Lakini nitafutie kitabu ambacho mtoto hafi."

Dada akamwambia atamtafutia.

Mimi nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe vitabu vimejaa makaburi. Dada alitoa kimoja kimoja kutoka rafu ya ukumbini, anafungua, anakumbuka, anakirudisha. Hiki mtoto anazama mtoni. Hiki mtoto hafi lakini anapotea, ni yale yale. Hiki cha kuchekesha, kile cha mjomba mpumbavu, jirani yake ana mtoto anayefariki kwenye ukurasa mmoja tu, kwa kupita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Niliwakasirikia waandishi wote kwa pamoja. Nikamuuliza dada, hawa watu watoto wamewakosea nini? Dada akasema ni njia rahisi ya kumliza msomaji. Nikasema basi ni wavivu. Miezi miwili alisoma akimtafutia yule mwanamke kitabu kimoja.

Akakipata kwa mwalimu mstaafu anayekaa nyuma ya zahanati. Hadithi ya fundi saa mzee na mjukuu wake wa kike. Kitabu cha zamani, hakichapwi tena, na mwalimu anakilinda kama mboni ya jicho. Alikubali kukitoa kwa siku moja tu, tukitolee kopi, kirudi kwake kabla ya jioni. Dada akaenda kazini, kitabu akaniachia mimi.

Hapa nitasema ukweli wote, maana nilishauficha mara moja na yatosha.

Siku ile ilikuwa ya mwisho ya kurudisha fomu za chuo. Duka lilijaa mpaka barabarani. Kila mtu ana fomu, ana cheti, ana picha, anataka kopi tano na anataka sasa. Mimi natoa kitabu kurasa mbili mbili, nikipata nafasi nabonyeza, nikikosa nasimama. Mashine ile nzima ikabana karatasi, nikahamia ile ya kubembeleza. Mama mmoja akaanza kugombana na kijana aliyempita kwenye foleni, nikaingia kuwaamulia, nikagombana na wote wawili. Niliporudi kitabu kilikuwa kimejifunga. Nikatazama kopi ya juu kabisa: ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, maandishi yameishia katikati, chini peupe. Kitabu hakina orodha ya sura. Nikasema moyoni, kimekwisha. Nikatoboa matundu, nikatia waya, nikaweka jalada la bluu, na kitabu cha mwalimu kikarudi kwake kabla ya jua kuzama.

Zilibaki kurasa sita. Mara tatu tu za kubonyeza.

Mimi si msomaji. Sikusoma hata mstari. Ningesoma ningejua, lakini mimi miaka yote nimejisifu kwamba karatasi zinapita mikononi mwangu maelfu kwa maelfu na hakuna hata moja inayoniingia kichwani. Nilikuwa nawachekesha wateja kwa hilo.

Dada alikisoma kwa siku mbili. Alipofika mwisho alinifuata kwenye mashine, macho mekundu, anatabasamu, akanieleza bila mimi kumuuliza. Ule mwisho aliousoma yeye, mjukuu anafungua duka kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Amechukua ufunguo, amefungua mlango, amefuta meza, na babu yake anaingia kama mteja, anakaa kwenye benchi na kumpa saa yake aitengeneze. Basi. Sura inaishia hapo. Dada akasema hajawahi kusoma mwisho mzuri kama ule. Ijumaa akaandika nyuma ya karatasi: "Kuna msomaji aliniomba kitabu ambacho mtoto hafi. Nimekipata. Mtoto hafi. Nimekisoma mpaka mwisho."

Zile karatasi tunaziacha asubuhi kwenye mabenchi ya zahanati. Wifi yake fundi alikuwa pale, akasoma, akajua ni nani aliyeomba. Wala hakusubiri foleni ya dada. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu, akamwomba kitabu chenyewe, akamweleza ni cha nani, na mwalimu akalainika. Dada alipompelekea fundi kopi yetu Jumamosi alikuta ameshaanza kusoma kile cha mwalimu. Akafurahi, akasema hicho chenye jalada lake ni bora kuliko hili dude letu la waya. Kopi yetu akampa aliyefuata kwenye foleni, muuguzi aliyekuwa anasafiri kwa likizo.

Jumatano mchana fundi akaingia dukani kwangu. Wateja walikuwa watano. Hakusalimia. Alitupa kitabu mezani juu ya vyeti vya watu, akasema, "Mwambie dada yako afungue ukurasa wa mia mbili na kumi na saba."

Nikamwambia ashushe sauti. Hakuwa amepaza sauti, mimi ndiye niliyepaza. Akaendelea palepale, kila mtu anasikia. Mjukuu anakufa kwa homa, akasema. Siku tatu, kama zile alizohesabu yeye kwa binti yake. Akasema dada yangu ni mwongo, hasomi vitabu, anapekua mwanzo na kuandika ya kwake, na amemtumia yeye na mtoto wake kujipatia sifa kwenye karatasi.

Mtu akimgusa dada yangu mimi akili zinahama. Nilimwambia mambo. Nilimwambia hakuna aliyemlazimisha kusoma. Nikamwambia, "Ni karatasi tu hizo. Mtoto wa kitabuni hajazaliwa, hajazikwa, unanililia nini dukani kwangu?"

Wateja wote wakatazama chini. Fundi alinitazama kidogo, akageuka, akatoka. Kitabu akakiacha. Na mimi badala ya kuona aibu niliendelea kusema peke yangu kwa dakika kumi nzima, nikiwaeleza watu ambao hawakuniuliza.

Walipoondoka nikakifungua. Mia mbili na kumi na tatu, maandishi yameishia katikati, chini peupe. Nikageuza. Mia mbili na kumi na nne, sura mpya. Nilisimama wima ile mashine inavuma. Nikazisoma zote sita. Zilikuwa kurasa za kwanza kuzisoma katika duka langu mwenyewe. Yule mwandishi angekuwa karibu ningemshika shati.

Halafu nikakificha kitabu chini ya maboksi ya karatasi.

Dada aliporudi habari ilikuwa imemfika zamani. Muuza dawa, ambaye mdomo wake haujui likizo, alishapita zahanati kuieneza. Dada akaniuliza kitabu kiko wapi, anataka kuona. Nikamwambia nimekirudisha kwa mwalimu. Lilitoka kinywani kirahisi tu. Nilijiambia kesho nitamweleza, ngoja kwanza hasira zipoe. Za nani? Yeye hakuwa na hasira. Alikuwa na kitu kingine, na nilikiona nikajikausha.

Mama yetu alipoteza kumbukumbu. Alianza na vitu vidogo, funguo ndani ya kopo la sukari, kusimulia filamu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Aliishia kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa na umri ambao dada anao sasa. Kwa hiyo dada alipokaa kwenye ukingo wa kitanda usiku ule na kusema, "Mimi nakumbuka anafungua mlango. Nakumbuka babu amekaa kwenye benchi. Hayo nimeyatoa wapi, mdogo wangu?" nilijua vizuri kabisa anauliza nini. Nikamjibu alale, amechoka.

Alhamisi asubuhi nilimkuta anaandika kwenye daftari alichokula jana. Akaandika tarehe, akaandika majina ya watoto wa shangazi kwa kufuatana, halafu akanipa nihakikishe kama hajakosea. Hakukosea hata mmoja. Nilimrudishia daftari nikamfokea kwamba ananichelewesha kufungua.

Na watu nao, jamani watu. Miaka minane wamekula matunda ya macho ya yule mwanamke, siku moja tu wakamgeuka. Zile karatasi za wiki iliyopita nilizikuta zimekaliwa kwenye mabenchi. Chanjo ilikuwa imehamishiwa chumba namba tano, na dada alishaiandika wazi, lakini akina mama walipanga mstari dirishani kumuuliza tena mmoja mmoja kama ni kweli. Mmoja akamwambia usoni kwamba aliyedanganya kitabu hashindwi kudanganya chanjo. Mtoto wake akakosa zamu kwa sababu alikwenda chumba cha zamani, kwa ubishi. Dada aliponisimulia nilitaka kwenda kumtafuta huyo mama nimpe vidonge vyake. Nilivaa na viatu. Nilikuwa tayari kumfuata mtu yeyote mjini, isipokuwa kumgeukia dada yangu aliyekuwa hatua mbili nyuma yangu na kumwambia ni mimi.

Ijumaa alfajiri akaniletea karatasi ya wiki. Upande wa mbele habari kama kawaida. Upande wa nyuma mistari michache tu: "Wasomaji wangu. Niliandika kwamba mtoto hafi, kumbe anakufa. Sikuwadanganya kwa makusudi. Nadhani kumbukumbu zangu haziaminiki tena. Hii ni karatasi ya mwisho. Na habari za upande wa mbele, tafadhali mthibitishe kwa mtu mwingine." Akasema, "Toa mia na hamsini kama siku zote. Mimi nawahi kazini."

Nikaweka karatasi kwenye kioo, nikafunika. Kidole kikawa juu ya kitufe. Yeye alikuwa mlangoni anafunga kitambaa kichwani, anafunga vibaya.

Nikampigia kelele. Hata wakati wa kukiri makosa yangu nilimpigia kelele yeye. Nilimwambia ni mjinga, anakubali kila anachoambiwa, watu wanamwita mwongo anakubali, wanamwita kichaa anakubali, kwa nini hakukigeuza kile kitabu na kuuliza kwa nini chini peupe. Nikatoa maboksi, nikachomoa kitabu, nikakipiga mezani. Nikamwonyesha mia mbili na kumi na tatu. Nikageuza. Nikamwambia, "Sikuzitoa hizi. Nilidhani kimekwisha. Kichwa chako kizima, dada. Ni mimi."

Alizisoma kwanza. Zote sita, amesimama, mkoba begani. Ndivyo alivyo, hata nyumba ikiungua atamaliza ukurasa. Halafu akafunga kitabu, akaniuliza nilijua lini.

Nikasema Jumatano.

Dada yangu hachemki. Miaka arobaini na saba nimesubiri achemke, na siku ilipofika hakupaza sauti hata kidogo. Alisema, "Siku mbili unaniangalia nahesabu watoto wa shangazi." Akachukua ile karatasi yake kutoka kwenye kioo, akaichana mara mbili na kuniwekea vipande mkononi. Nikaanza kusema kwamba nitaandika tangazo, nitatoa kopi mia tatu kwa karatasi zangu mwenyewe, nitawaambia watu wote. Akanikatiza. Akasema watu wote watajua baadaye. Kwanza kuna mtu mmoja, na huyo mimi nilimwambia mwanawe ni karatasi. Kumbe na hilo lilimfika.

"Nenda sasa hivi," akasema. "Na usimfokee."

Nilikwenda na kitabu mkononi. Maduka manne, hatua kama sitini, na hatua zote hizo nilikuwa nimekasirika. Nilikasirikia mashine, siku ya fomu, wifi mtu mwenye kimbelembele, mwalimu na kitabu chake cha siku moja. Nilipofika mlangoni kwake waliobaki wa kukasirikia walikuwa wamekwisha, nikawa nimebaki mwenyewe.

Fundi alikuwa anakata kitambaa cha sare. Aliniona, akaendelea kukata. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa maneno machache, bila kupamba. Kwamba dada yangu alisoma kila ukurasa niliompa. Kwamba kurasa sita niliziacha mimi, kwa haraka, na nilipojua nilinyamaza. Kwamba nililomwambia siku ile kuhusu mtoto wake lilikuwa la kinyama na sina la kujitetea. Nikamfungulia kitabu pale mia mbili na kumi na tatu nimwonyeshe maandishi yalivyoishia katikati, aone mwenyewe nilivyodanganyika.

Alikisukuma kitabu pembeni kwa mkasi, taratibu. Nilijua atanifukuza, na nilishaamua kwamba akinifukuza nitatoka bila kujibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Akaniuliza dada yangu alisoma nini basi, kama hakuzisoma hizo. Yake yaliishia wapi.

Nikamwambia yaliishia mtoto amefungua duka peke yake. Amefuta meza. Babu yake ameingia, amekaa kwenye benchi kama mteja, amempa saa.

"Halafu?"

"Halafu basi. Chini peupe."

Mkasi ukasimama. Akaweka mkono juu ya kile kitambaa cha bluu, akitazama mahali alipochora kwa chaki urefu wa sketi ya mtoto wa mtu mwingine.

"Mwisho mimi naujua tangu mwaka juzi," akasema. "Nitolee hiyo ya kwenu. Uishie palepale."